Uluguru: Je, Kilimo Kisicho na Sumu Kitatulisha?

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Dar es Salaam, Kibaha au Mlandizi, yaelekea kabisa kwamba maji uliyochemshia chai asubuhi ya leo yametoka Mto Ruvu. Na Mto Ruvu, kama tulivyofundishwa shuleni kisha tukasahau, huzaliwa katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mfizigo, Mbezi, Mvuha, Mgeta na Ngerengere ni majina ya mito inayoteremka kutoka huko na kuungana nao. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Tangu hapo jiji limepanuka kila upande, lakini mto ni uleule.

Masika yanapokolea, maji ya mto huo hugeuka rangi yakafanana na chai ya maziwa. Wengi wetu tunapoyaona hayo tukiwa juu ya daraja la Ruvu husema tu kwamba mto umechafuka. Lakini rangi ile ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uliokuwa jana kwenye mteremko wa mkulima fulani huko mlimani, na leo uko njiani kwenda baharini. Mkulima amepoteza chakula cha mwakani, na mtu wa mjini ameongezewa kazi ya kuyasafisha maji yake. Kwa hiyo habari za kilimo cha Uluguru, hata kama hujawahi kushika jembe, ni habari za nyumbani kwako.

Mwandishi wenu alikwenda huko kutafuta jibu la swali moja. Siku hizi tunasikia sana juu ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala sumu za kuulia wadudu. Wako wanaosema ndicho kitakachoziokoa nchi kama yetu, na wako wanaosema ni anasa ya mataifa yaliyokwisha shiba. Nani mkweli? Nilidhani jambo kama hili haliamuliwi mezani, sharti mtu akaone.

Safari yenyewe siku hizi ni fupi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa mbili, na kabla hujamaliza gazeti lako utaona upande wa kushoto milima imesimama kama ukuta wa buluu, wingu likiwa limekaa kichwani mwake. Vilele vyake vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, unaotazama Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi mno, mahali pengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi, na ndiko kuliko na mabonde ya Mgeta yanayolisha masoko yetu kabichi, karoti, njegere na viazi. Chini kabisa, miguuni mwa mlima, kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984.

Ukitoka Morogoro mjini kupanda kuelekea Towelo, njia inakutaka uiname kama mtu anayetafuta sindano. Utapishana na akina mama wanaoteremka mbio, matenga vichwani, kuwahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nilipowapisha pembeni ya njia nikihema, mmoja wao alicheka akaniambia, "Pole baba, mlima una wenyewe." Sikuwa na jibu.

Mashamba ya huko yamesimama, hayakulala. Sitii chumvi. Kuna mahali mkulima akisimama kupalilia, jembe lake linagonga udongo ulio usawa wa kifua chake. Mtu wa tambarare akiona hivyo hujiuliza mara moja: kwa nini hawakati ngazi? Hapo ndipo anapogusa kidonda cha zamani.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wananchi walilazimishwa kuchimba ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Lengo laweza kuonekana jema, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, tena katika sehemu nyingi ilifanywa bila kuujua udongo. Udongo wenye rutuba Uluguru ni tabaka jembamba, na chini yake pana udongo mwekundu mkavu usio na kitu. Ukichimba ngazi ovyo, ule mzuri unaufukia na ule mbaya unauleta juu. Watu walitoa jasho lao, wakapanda mahindi juu ya ngazi, mahindi yakatoka dhaifu kuliko ya mteremko usioguswa. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata masikio ya watu wengi Uluguru kwa sababu ya ngazi zile.

Nimeieleza historia hii kwa kirefu kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa ajabu ya kinachoonekana sasa. Watu wa milima ileile wanachimba ngazi tena, na hakuna anayewasimamia kwa fimbo. Nilimkuta bibi mmoja, umri wake umepita miaka sabini, akipanda majani kwenye kingo za ngazi yake ya pili. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza kama mama yake naye alichimba wakati ule.

"Alichimba, na usiku alilia," akasema. "Zile zilikuwa za Bwana Shamba. Hizi, mwanangu, nimeanza kwa kuuweka pembeni udongo mweusi. Nikimaliza kusawazisha naurudisha juu. Na siweki mbegu kabla sijaweka mbolea."

Mbolea aliyoitaja ni mboji, na somo hilo lilipanda mlimani kwa njia ambayo yafaa kukumbukwa. Mwaka 2009 ulianza mradi mdogo Morogoro ulioitwa Bustani ya Tushikamane, ambao kutokana nao likazaliwa mwaka 2011 shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, linalojulikana kwa kifupi SAT. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Janet Maro, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Shirika hilo lina kituo cha kufundishia wakulima huko Vianzi, nje ya mji. Mwaka huohuo wa 2011 lilianza pia kutoka jarida la Kiswahili la Mkulima Mbunifu, ambalo hufundisha mambo haya kwa lugha ambayo mkulima hahitaji mkalimani. Nililikuta nakala yake moja kwenye duka la mlimani, limetiwa alama za vidole vyenye udongo kurasa zote, na kwa gazeti lolote hiyo ni sifa kubwa.

Sasa tuseme wazi kilimo hai ni nini, maana hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapokosea. Wengi hudhani mkulima asiyeweka mbolea ya dukani tayari ni mkulima hai. La hasha. Huyo aghalabu ni mkulima maskini tu. Anachoma majani ili kusafisha shamba, anapanda, anavuna, harudishi kitu, na kila mwaka gunia linapungua. Uluguru imejaa wakulima wa namna hiyo, na mlima umeteseka mikononi mwao kama unavyoteseka mikononi mwa wanaomwaga sumu. Kilimo hai ni kazi ya kurudisha. Kile ulichokitoa ardhini lazima kirudi kwa njia nyingine: samadi, mboji, majani ya kufunikia, mikunde inayovuta naitrojeni kutoka hewani na kuihifadhi mizizini.

Mboji yenyewe hutengenezwa hivi. Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba. Tandika vijiti na mabua ili hewa ipite chini. Juu yake weka majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo wa juu, halafu mwagia maji na urudie tabaka hizo mpaka lundo likufike kiunoni au zaidi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi; kikiwa kikavu, ongeza maji; kikiwa baridi na kinanuka vibaya, hewa imekosekana. Baada ya wiki mbili tatu unalipindua, na baada ya miezi miwili mitatu utashika kiganjani kitu cheusi kinachomumunyuka na kunukia kama msitu baada ya mvua. Mama mmoja wa Towelo alinichomolea kijiti chake nikishike. Kilikuwa cha moto kiasi kwamba nilikiachia, na watoto waliokuwa wakitutazama walifurahi sana.

Lakini tupige hesabu, maana bila hesabu tutadanganyana. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ili uzipate kilo hizohizo kutoka kwenye samadi nzuri iliyokauka, utahitaji zaidi ya tani moja. Mfuko wa urea mwanamume huutupa begani akapanda nao. Tani moja na zaidi ya samadi hubebwa kwa ndoo, na ndoo hubebwa kichwani. Hizo ni safari mia moja au zaidi za kupanda mlima, na kwa jinsi nilivyoona, kichwa kinachobeba si cha baba. Wanaosifu kilimo hai katika semina zenye viyoyozi wangefaa kuipanda njia ile mara moja tu wakiwa na ndoo.

Wakulima wenyewe wamelijua hilo, na ufumbuzi wao ni kuepuka kubeba. Mboji wanaitengenezea shambani palepale. Kingo za ngazi wanazipanda majani ya kulishia mifugo, ambayo huzuia udongo na wakati huohuo hulisha mbuzi. Katikati ya mahindi wanapanda maharage na fiwi. Na kule Mgeta wamepata rafiki wa zamani: mbuzi wa maziwa wa Norway, walioletwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na chuo cha Sokoine. Mbuzi hao wanakaa bandani juu ya sakafu ya mbao, samadi inaanguka chini na kuzolewa. Mtoto anakunywa maziwa, shamba linapata samadi, na hakuna aliyepanda mlima na mzigo.

Chini tambarare, jambo la samadi lina sura nyingine, tena nzito zaidi. Mkoa wa Morogoro unajulikana kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mapigano ya Kilosa ya Desemba 2000 yaliua watu zaidi ya thelathini. Huko Mvomero SAT imekuwa ikiwakutanisha Wamasai na wakulima kwa msingi wa kubadilishana: mfugaji anatoa samadi, mkulima anatoa mabua na malisho baada ya mavuno. Sisemi kwamba rundo la samadi litamaliza ugomvi ambao mabaraza na polisi hawajaumaliza. Lakini ni mara yangu ya kwanza kusikia kilimo cha aina fulani kikimpa mkulima sababu ya kumhitaji mfugaji.

Kutoka Morogoro nilikwenda Mgeta kwa gari, kupitia Mlali, kisha njia ikaanza kujizungusha mlimani. Langali, Nyandira: majina haya utayasikia Mabibo na Kariakoo kila alfajiri, malori yanaposhusha. Hewa ni baridi, na kandokando ya njia kuna mapichi na mapeasi. Kila bonde limechongwa matuta hadi ukingoni mwa kijito. Pazuri kupita kiasi. Na hapo ndipo nilipokutana na upande mgumu wa swali langu.

Kwenye shamba la nyanya alikuwapo kijana wa miaka ishirini hivi na bomba la kupulizia mgongoni. Alichanganya sumu za chupa mbili tofauti ndani ya ndoo, akakoroga kwa kijiti, miguu mitupu, bila glovu wala kitambaa cha kufunika pua. Ndoo aliisuuza kijitoni. Nilimwuliza ni sumu gani. Akanijibu hajui jina, ila ni "ile ya Kantangaze."

Kantangaze ni nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Aligunduliwa nchini mwaka 2014, na jina hilo wakulima walimpa wenyewe kwa sababu akiingia shambani kwako umaskini wako hautafichika, atakutangaza. Ni mdudu mwenye kiburi. Sumu nyingi amezizoea. Kijana yule alinieleza kwamba sasa anapulizia kila baada ya siku tatu nne. Nilimwuliza nyanya akishapulizia huvunwa baada ya siku ngapi. Akatazama upande wa barabara. "Lori likifika, kaka, tunavuna."

Ndugu msomaji, nyanya hiyo ndiyo inayosubiri kachumbari yako ya Jumapili. Ioshe vizuri, lakini ujue kwamba dawa nyingine hunyonywa ndani na haziondoki kwa maji. Na kabla hatujamlaani kijana yule, tukumbuke kwamba pafu la kwanza linaloivuta sumu hiyo ni la kwake, na mtoto wa kwanza kunywa maji ya kijito kile ni wa kijijini kwake.

Je, kilimo hai kina dawa ya Kantangaze? Nimewauliza wanaojua, na jibu la haki ni kwamba kina mbinu, na kila mbinu inadai subira. Kuna mitego yenye harufu ya kuwavuta madume. Kuna mafuta ya mwarobaini. Kuna kung'oa na kuzika mche ulioshambuliwa, na kuacha kupanda nyanya, bilinganya na viazi mahali pamoja msimu baada ya msimu. Kuna kuotesha kitunguu na giligilani katikati ili kuwachanganya wadudu. Wote niliozungumza nao walikubali kwamba nyanya ndilo zao gumu kuliko yote kulima bila sumu, na aliye mgeni asianzie hapo. Kwa kabichi na mboga za majani, majivu, pilipili kali na majani ya utupa yaliyotwangwa husaidia sana, ingawa utupa nao ni sumu, huua samaki, na haufai kusuuzwa kijitoni hata kidogo. Kitu kutoka porini si lazima kiwe salama.

Upande wa mashariki, Kinole, Tawa na Matombo, mambo ni mepesi zaidi, karibu niseme ni ya kujiendea. Huko viungo hustawi: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga inayoparamia miti kama nyoka wa kijani. Mazao haya hayahitaji sumu nyingi tangu hapo, mizizi ya miti inashika mlima, na kivuli chake kinafaa ndizi na magimbi. Mnunuzi wa nje huyataka yakiwa na cheti. Ugumu ni kungoja. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, na mtu mwenye ada ya shule ya Januari hawezi kuwaambia watoto wangoje mkarafuu. Kwa hiyo wenye busara hupanda vyote: ndizi ya mwaka huu, pilipili ya miaka mitatu, karafuu ya mtoto.

Nchi yetu si ngeni katika biashara hii. Pamba isiyo na sumu imelimwa Meatu kwa ajili ya soko la nje tangu mwaka 1994, na kahawa ya Kagera na kakao ya Kyela zimefuata njia hiyo. Mwaka 2005 liliundwa shirikisho la kilimo hai Tanzania, TOAM. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja na alama moja, nayo ni Kilimohai. Na mwaka 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai utakaofika hadi 2030. Karatasi, basi, tunazo.

Kuna wanaotaka twende mbio zaidi, serikali ipige marufuku mbolea za viwandani mara moja. Hao wakaulize Sri Lanka. Mwezi Mei 2021 nchi ile ilizuia kuingizwa kwa mbolea na sumu za viwandani, ghafla, kabla wakulima hawajapata samadi wala mboji ya kutosha. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikapungua, bei ya chakula ikapanda, na mwezi Novemba mwaka uleule marufuku ikaondolewa. Kwa maoni yangu kosa lao halikuwa mboji. Kosa lilikuwa kudhani kwamba udongo husikia amri. Ni kosa lilelile la ngazi za 1950, ila mwenye fimbo safari hii hakuwa mkoloni.

Upande wa pili nao una fundisho lake. Bei ya mbolea duniani iliporuka mwaka 2022 kufuatia vita vya Ukraine, wakulima wetu wengi waliizoea mbolea wasiweze kuinunua, hata serikali ikabidi itoe ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23. Ruzuku ile iliwaokoa wengi na sitaibeza. Lakini nilimkuta mzee mmoja wa Nyandira ambaye mwaka ule wa bei kali hakujua habari zake. "Nilisikia redioni," akaniambia, huku akiwatazama mbuzi wake. Nikamwuliza kama hatumii mbolea ya dukani kabisa. Akanijibu kwamba kwenye viazi hutia kidogo, kiganja kimoja pale ambapo zamani alitia vitatu, kwa sababu udongo wenye mboji huikamata isichukuliwe na mvua. Kwa kanuni za Kilimohai mzee huyo hapewi cheti. Kwa macho yangu mimi, yeye ndiye aliyekuwa na shamba zuri kuliko yote niliyoyaona, na nadhani wakulima wengi wa nchi hii watapita njia yake kwa miaka mingi kabla ya kufika kwenye cheti, kama watafika.

Cheti chenyewe ni mlima mwingine. Mkaguzi wa soko la nje hulipwa fedha ambazo mwenye robo eka hana. Kwa soko la ndani wamebuni utaratibu mzuri: wakulima wa kikundi kimoja wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, kwa sheria walizokubaliana, na atakayekutwa na chupa ya sumu anasimamishwa. Watu wa mjini huuliza kama ndugu kwa ndugu hawatalindana. Niliwauliza swali hilo, wakacheka. Mlimani kila shamba linaonekana kutoka shamba la pili, na harufu ya sumu haifichiki. Jirani ni mkaguzi mkali kuliko mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka na viatu visafi.

Basi karoti hiyo iliyokaguliwa na jirani inapofika mjini, inakutana na nini? Liko duka Morogoro linalouza bidhaa hizo, na wateja wapo. Lakini sehemu kubwa inamwagwa kwenye lundo moja na karoti nyingine, kwa bei ileile. Mnunuzi hana namna ya kuitambua, na hajauliza. Wauzaji wawili niliowahoji hawakuwa wamepata kusikia neno Kilimohai. Wa tatu alilisikia, akasema wateja wake huchagua karoti nene, na karoti ya mboji hukawia kunenepa. Hapo utaona kwamba sehemu ya jibu la swali langu haiko mlimani, iko mkononi mwako uliyeshika kikapu. Uliza tu. Muuzaji akiulizwa mara kumi kwa siku, kesho yake atamwuliza mwenye lori.

Kuhusu mto, lilipata kufanyika jaribio la maana. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye Mto Mfizigo, ambapo watumiaji wakubwa wa maji, wakiwamo shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule na kampuni ya vinywaji, walichangia malipo kwa wakulima waliochimba ngazi na makinga maji na kupanda miti. Anayekunywa alimlipa anayelinda. Ulikuwa mradi, na miradi ina mwisho. Lakini wazo lile halikuwa na kasoro, na sijui kwa nini ankara zetu za maji, zenye makato ya kila namna, hazina hata shilingi kumi ya jembe la Uluguru.

Nimeacha jambo la ardhi mwisho kwa sababu ndilo lililonikaa moyoni. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamke wa ukoo ana haki yake ya kulima, na hilo ni jema kuliko ilivyo katika makabila mengi. Lakini Mgeta watu wamebanana, na wengi sasa wanalima mashamba ya kukodi kwa msimu. Na mboji si zao la msimu. Shamba lililochoka halirudi kwa mwaka mmoja; lataka miaka mitatu, minne. Nani atapanda mlima mara mia na ndoo kichwani kwa ajili ya shamba ambalo mwakani si lake?

Yuko aliyepanda. Ni mama wa watoto wanne karibu na Langali. Alikodi kipande kilichokuwa kimeachwa kwa uchovu, magugu tupu. Miaka miwili alikilisha samadi ya mbuzi wake wawili, akakata ngazi tatu, akapanda majani kingoni. Mwaka wa tatu kabichi zilitoka nzuri, na watu wa ukoo wenye ardhi wakapita njiani wakaziona. Baada ya mavuno walimwambia kwa adabu kwamba shamba sasa wanalihitaji. Hakugombana nao. Haki ya kugombana hakuwa nayo.

Nilipomtembelea alikuwa amepata kipande kingine, cha ukoo mwingine, kimechoka vilevile. Lundo la mboji alikuwa hajaanza. Safari hii, alisema, hatabeba hata ndoo moja mpaka waandikishane miaka mitano mbele ya serikali ya kijiji. Mwenye shamba hakatai, ila amesema ni lazima kwanza amwulize mjomba, maana ndiye mkubwa wa ukoo na bila yeye hakuna karatasi. Mjomba huyo ni mfanyakazi, anakaa Mbagala. Walimpigia simu mara mbili, akasema yuko kazini, atawapigia yeye. Mvua za vuli zilikuwa zimebakiza majuma matatu.